Filimbi Nene: Ala Mpya Hupewa Jina na Nani?

Ukisema "filimbi" hapa Soy, kwenye barabara ya kutoka Eldoret kwenda Kitale, kila mtu atasikia chake. Mchezaji wa mpira atasikia kipenga cha refarii. Askari wa usiku atafikiria ile anayoipuliza akiona mtu asiyemjua langoni. Mzazi mwenye mtoto wa Gredi ya Nne atakumbuka rikoda ya plastiki aliyoambiwa anunue. Aliyekulia Kwale kabla ya kuja kutafuta kazi huku juu anaweza kusikia chivoti. Neno ni moja, vitu ni vinne, na hakuna aliyekosea.

Sasa ongeza cha tano. Ni bomba la alumini lenye urefu wa karibu sentimita 60, matundu sita ya vidole, na mdomo uliokatwa kama wa rikoda. Ukiipuliza, haitoi ule mlio mwembamba tuliouzoea kwa filimbi. Inatoa sauti nzito, yenye pumzi ndani yake, kama mtu anayeimba huku midomo imefumba nusu. Waayalandi na Waingereza huiita low whistle. Kila fundi anapotoa mpya, wanamuziki wanaoipenda hujadili mambo mawili: inalia vipi, na inaitwaje. La pili huonekana kama porojo tu. Kwani jina linaongeza noti? Lakini historia ya ala za muziki, ya kwao na ya kwetu, inaonyesha kwamba jina hufanya kazi kubwa. Huamua nani atakumbukwa na nani atasahaulika. Wakati mwingine huamua hata noti zenyewe.

Tuanze na hiyo ala yenyewe, kwa sababu wengi wanaisikia kwenye filamu na kudhani ni ya kale kama milima ya Ayalandi. Si ya kale hata kidogo. Mwanamuziki Finbar Furey alikuwa na filimbi ya mwanzi iliyotoka India, akiipenda sana. Ikaharibika akiwa kwenye ziara ya muziki. Akamwendea Bernard Overton, fundi na mpiga jazi aliyeishi mji wa Rugby, Uingereza. Mwanzi ulikuwa hautengenezeki tena, basi Overton akajaribu kuiga umbo lake kwa bomba la alumini. Hiyo ilikuwa mwishoni mwa mwaka 1971. Furey alipoipiga jukwaani, wenzake wakaitaka pia, na Overton akaendelea kutengeneza kubwa zaidi mpaka akafikia ile ya D nzito, oktavo moja chini ya filimbi ya kawaida ya bati.

Hebu tazama nasaba hiyo: mwanzi wa India, mkono wa Mwingereza, pumzi ya Mwayalandi. Miaka ya 1990, maonyesho ya Riverdance yalipozunguka dunia, sauti yake ikawa alama ya Ayalandi. Ala yenye umri wa miaka ishirini na kitu ikaonekana babu.

Na jina? Overton alitumia neno flageolet, neno la zamani la Kifaransa lililotumika kwa filimbi za karne zilizopita. Lilikuwa jina la heshima, la kuvaa tai. Wapigaji hawakulishika. Wengine walisema tu "Overton", kama sisi tunavyoingia dukani na kuomba Colgate, tukapewa dawa ya meno ya kampuni nyingine, na hakuna anayelalamika. Wengine walipendelea concert whistle, kana kwamba ile ndogo haifai jukwaani. Mwishowe likashinda jina lisilo na mwenyewe: low whistle. Hakuna mkutano ulioitishwa, wala kura iliyopigwa. Jina lilishinda kwa sababu lilieleza kile ambacho sikio la kule linasikia kwanza, yaani kwamba ni ile filimbi yao ya siku zote, ila iko chini.

Neno hilo "chini" ndilo linaloleta shida likifika kwetu. Tukitafsiri neno kwa neno tunapata "filimbi ya sauti ya chini". Lakini kwa Kiswahili, sauti ya chini ni ya mtu anayenong'ona. Mwalimu akimwambia mtoto, "Soma kwa sauti ya juu," hataki soprano. Anataka asikike mpaka dawati la nyuma. Kwa hivyo "filimbi ya sauti ya chini" ni filimbi ya kupuliza polepole mgonjwa amelala. Sivyo ilivyo. Ile ya alumini inaweza kujaza ukumbi.

Kiswahili hupima sauti kwa uzito na unene. Kuna sauti nene, nzito, na kuna nyembamba. Wanakwaya wetu wamekopa "besi", lakini mzee akimsifia mwimbaji wa besi bado atasema ana sauti nzito. Na si sisi peke yetu. Wagiriki wa kale walisema noti ni nzito au ni kali kama ncha. Neno "baritoni" linalotumiwa na wanakwaya wote duniani lina uzito huo wa Kigiriki ndani yake. Kuita noti ya juu au ya chini kunakwenda vizuri na karatasi yenye mistari mitano, ambapo noti hupanda na kushuka mbele ya macho. Sikio lisilosoma karatasi halioni ngazi. Linasikia kitu kikubwa na kitu kidogo.

Hapa Soy kuna mtego mwingine, wa kuchekesha. Kwa Kikalenjin, soi ni nyanda za chini zenye joto, na mosop ni nyanda za juu zenye baridi. Mtu angeweza kutania na kuiita "filimbi ya soi". Lakini msikilizaji angedhani imetoka huko bondeni, Kerio labda, wala si kwamba ina noti nzito. Basi tuseme filimbi nene, kwa muda, tukijua kwamba jina la muda lina tabia ya kukaa.

Kukaa kwa majina ya muda ni jambo tunalolijua vizuri Uasin Gishu. Mji wetu mkubwa ulianza kwa namba. Walowezi walipogawiwa mashamba, posta ilifunguliwa mwaka 1910 kwenye shamba namba 64, na watu wakaita mahali hapo Sixty-Four. Wakalenjin waliisikia namba hiyo, wakaitafuna, wakaitoa ikiwa Sisibo. Mwaka 1912 serikali ya kikoloni, chini ya Gavana Percy Girouard, ikauita mji Eldoret. Inaelezwa kwamba mzizi ni neno la Kimaasai, eldore, mto wenye mawe, yaani Sosiani, na mwishoni pakawekwa ile -t ya Kinandi inayofanya nomino iwe dhahiri, kitu kile hasa tunachokizungumzia. Jina rasmi la mji lililopitishwa na Mwingereza lina mzizi wa Kimaasai na mkia wa Kinandi. Namba ya Kiingereza ikapewa umbo la Kikalenjin na watu wa kawaida bila ruhusa ya mtu.

Ule mtindo wa Sisibo, wa kusikia, kutafuna na kutoa kitu kipya, ndio uliozaa jina maarufu kuliko yote katika muziki wa Bonde la Ufa: Chemirocha.

Kisa ni hiki. Jimmie Rodgers alikuwa Mmarekani wa Mississippi, aliyezaliwa mwaka 1897 na kufanya kazi ya breki kwenye treni kabla ya kuanza kurekodi mwaka 1927. Aliimba na gita lake, na alijulikana kwa kupasua sauti ghafla kutoka nzito hadi nyembamba. Kifua kikuu kilimuua mwaka 1933. Hakuwahi kufika Afrika, lakini santuri zake zilifika. Zilisafiri na wageni na gramafoni zao mpaka nchi ya Wakipsigis, kusini yetu, na huko watu wakasikia mtu asiyeonekana akiimba na chombo chenye nyuzi.

Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi Afrika Kusini na kuzunguka bara hili na mitambo ya kurekodi, alifika Kapkatet. Alinasa nyimbo za Wakipsigis zikiandamana na chepkong, kinubi chao. Tatu kati yake zilihusu mtu aitwaye Chemirocha. Iliyosikika zaidi duniani ni ile iliyoimbwa na wasichana. Tracey aliandika kwamba wao walimwelezea Chemirocha kama kiumbe nusu mtu, nusu swala, na kwamba wimbo unamwita aje acheze. Jina lenyewe, alieleza, lilikuwa Jimmie Rodgers, likiwa limepita katika kinywa cha Kikipsigis.

Tuangalie lilivyopita. Kikalenjin hakitenganishi ch na j, wala k na g, kama Kiswahili kinavyofanya. Kwa hivyo Jimmie anaanza na ch bila ubishi. Rodgers anatoka Rocha. Lakini lililo muhimu zaidi ni ule mwanzo, Che-. Katika majina ya Kikalenjin, Che- na Chep- ni mlango tunaoujua: Chebet, Chelagat, Chemutai, Chepkemoi. Hata kinubi kilichoandamana na nyimbo kina mlango huohuo, chepkong. Kwa hivyo Jimmie Rodgers hakubaki mgeni mwenye jina gumu. Aliingia akiwa na jina linaloweza kuitwa uani, na mtoto akaitikia.

Wengi walioandika kuhusu wimbo huu wamemvutiwa zaidi yule nusu swala. Wamecheka kidogo, kwa upendo: ati wasichana wa kijijini walidhani mwimbaji wa Marekani ni mnyama. Mimi huisoma habari hiyo polepole. Imeandikwa na mgeni, baada ya kutafsiriwa, kuhusu kundi la wasichana waliokuwa wakiimba mbele ya mashine. Wasichana wanajua kutania. Na hata tukiichukua ilivyo, kuna ujinga gani hapo? Santuri ni sauti ya mtu bila mtu. Kumpa miguu ya swala mwimbaji asiye na mwili ni kufikiri, na kufikiri vizuri. Wale wasichana walikutana na teknolojia mpya na kuipatia mahali katika lugha yao. Hawakumwuliza mwenye santuri jina sahihi ni lipi.

Miongo sita baadaye, rekodi hizo zilirudishwa Kapkatet na maktaba ya ILAM ya Afrika Kusini kwa kushirikiana na watu wa Ketebul Music ya Nairobi na mradi wa Singing Wells. Baadhi ya waliokuwa vijana mwaka 1950 walikuwa bado hai. Sauti zilizosafiri dunia nzima zikafika nyumbani, na Chemirocha, jina lililotoka Mississippi, likarudi likiwa jina la Kikipsigis kabisa.

Sasa tumfuate Tracey mwenyewe, kwa sababu mkono uliorekodi Chemirocha ulifanya pia kinyume chake. Mwaka 1954 alianzisha ILAM, maktaba ya muziki wa Afrika. Miaka hiyohiyo alianza kutengeneza ala ya kuuza: kisanduku cha mbao chenye vijiti vya chuma vinavyobonyezwa kwa vidole gumba. Ala za aina hiyo zilikuwa zimeenea sehemu kubwa ya Afrika, kila mahali na jina lake. Washona wana mbira. Kongo kuna likembe. Waacholi wana lukeme. Wagogo wa Dodoma wana ilimba, ambayo Hukwe Zawose aliipeleka majukwaa ya dunia kabla ya kufariki mwaka 2003. Tracey alichagua jina moja, kalimba, lililotumika upande wa Zambia na Malawi, akaliweka kwenye ala yake na kuiuza ng'ambo kupitia kampuni iliyoitwa African Musical Instruments.

Alikuwa mtu aliyeipenda ala hiyo kwa dhati, na bila kazi yake tungekuwa na rekodi chache mno za wakati ule. Hilo lisemwe wazi. Lakini tazama kilichotokea. Kalimba ya dukani ilipangwa kwa ngazi ya Kizungu, ili mtu wa London au Chicago aweze kupiga nyimbo anazozijua. Mpangilio wa Wagogo haukuwemo, wala wa Washona. Jina likabaki la Kiafrika, noti zikahama. Leo ukinunua kalimba kwenye intaneti, mara nyingi ina vijiti 17 na ngazi ya C, imetengenezwa kiwandani, na mnunuzi anaamini amepata kitu cha kale. Akisikia ilimba ya Kigogo ikilia anaweza kudhani imeharibika, kwamba noti zake haziko sawa. Jina moja lililouzwa vizuri limegeuza mengine yote kuwa "aina za kalimba".

Mwaka 2020, UNESCO ilipoweka sanaa ya ala hii kwenye orodha yake kwa ombi la Malawi na Zimbabwe, jina liliandikwa kwa mkwaju katikati: Mbira/Sansi. Watu wa ofisi huona mkwaju huo kama usumbufu. Mimi nauona kama uungwana. Nchi mbili zilikubali kushiriki heshima moja bila yeyote kumeza jina la mwenzake.

Tuna mifano miwili basi. Kapkatet, wasikilizaji walilichukua jina la mgeni wakalifanya lao. Kwenye kalimba, muuzaji alilichukua jina la wenyeji akalifanya chapa. Afrika Kusini inatupa mfano wa tatu, na huu unahusu filimbi hasa.

Filimbi ndogo ya bati ni bidhaa ya Uingereza. Robert Clarke wa kijiji cha Coney Weston alianza kuitengeneza mwaka 1843, na husimuliwa kwamba alitembea mpaka Manchester na vifaa vyake kwenye mkokoteni. Ilikuwa rahisi kiasi cha kuitwa filimbi ya peni. Karne moja baadaye, wavulana wa mitaa ya Johannesburg, wengine wakiwa wamezoea filimbi za matete za wachungaji, walizinunua za kiwandani na kupiga nazo muziki uliofuata jazi ya Marekani. Waliigeuza filimbi pembeni mwa mdomo ili kuinamisha noti na kuinenepesha sauti. Spokes Mashiyane akatoa rekodi zake za kwanza mwaka 1954 na kuwa nyota.

Muziki huo unaitwa kwela. Neno hilo la Kizulu na Kixhosa ni amri: panda! Na magari ya polisi, yale ya kubebea watu waliokamatwa, yaliitwa kwela-kwela. Rekodi ya "Tom Hark", ya Elias na wenzake, inaanza na maongezi ya vijana wa mtaani wanaocheza kamari huku wakiogopa gari hilo. Mwaka 1958 rekodi hiyo ilifika nambari ya pili Uingereza, na wasikilizaji wa huko wakalipokea neno kwela kama jina la muziki wa furaha. Vijana waliolisema walijua lina polisi ndani yake. Jina la kiwanda lilikuwa limegongwa kwenye bati la filimbi, lakini lililosalia kwenye kumbukumbu ya dunia ni lile la mtaani.

Nikirudi hapa nyumbani, naona kwamba hatari yetu haifanani na yoyote kati ya hizo tatu. Hatukosi uwezo wa kubuni majina. Kinachotudhuru ni neno la jumla. Tuna neno "filimbi", na tuna msemo "ala za kienyeji", na kwa hayo mawili tunafunika vitu ambavyo havifanani. Chivoti ya Wadigo hupulizwa kwa ubavu, mwanzi ukiwa umelala mbele ya uso. Endere ya Waganda hupulizwa kwa ncha, kwenye pengo lililokatwa ukingoni, na ina matundu manne. Muturiru ni ya Wagikuyu. Umwironge ni wa Wanyarwanda. Nzumari ya Pwani, inayoongoza ngoma ya sengenya, si filimbi kabisa: ina ulimi wa kutetemeka, na mpigaji wake hujaza mashavu hewa ili sauti isikatike. Mtu akisema zote ni "filimbi za kienyeji", hajasema uongo mkubwa. Amesema tu kwamba hana haja ya kujua zinavyoshikwa.

Kwa nyuzi ni hivyohivyo. Katika eneo hili la magharibi ya Kenya, kwa umbali wa safari ya siku moja, utapata nyatiti ya Wajaluo, obokano ya Abagusii yenye sauti nzito kuliko ndugu zake wote, litungu ya Wabukusu, kibugandet ya Wanandi, na chepkong ya Wakipsigis. Kamusi itakwambia zote ni vinubi. Ni kweli, kama ilivyo kweli kwamba ugali, chapati na mukimo vyote ni chakula.

Najua kwa nini neno la jumla linapendwa. Uasin Gishu tunajua uzito wa jina. Mwanzoni mwa mwaka 2008, jina kwenye kitambulisho lilitosha kumtenganisha mtu na nyumba yake. Watu waliopita hapo hujifunza kuongea kwa tahadhari. "Ala za kienyeji" ni msemo wa amani, hautaji mwenye ala wala haumchokozi mtu. Mwalimu anayepanga watoto wa kabila tano kwenye kundi moja la tamasha ana sababu ya kuutumia, na mimi simlaumu.

Lakini amani ya kutotaja inalipiwa. Mtoto aliyeleta shuleni ala ya babu yake anaambiwa ameleta "filimbi". Mwenzake ana rikoda, nayo ina jina, ina kitabu, ina picha inayoonyesha kidole kipi kifunike tundu lipi. Mtaala wa umilisi ulipofika Gredi ya Nne mwaka 2020, rikoda ndiyo iliyokuwa na njia iliyonyooka. Hata jina lake lilizua kichekesho, maana sikio letu linasikia rekoda, kile chombo cha kunasa sauti, na mzazi huuliza kwani wanataka kurekodi nini. Baada ya kicheko analipa, na mtoto anajifunza. Ile ya babu inabaki juu ya kabati. Miaka kumi ikipita, hakuna atakayeweza kuuliza, "Nifundishe kupiga nini?" kwa sababu jina la kuulizia halipo mdomoni mwake.

Ndiyo maana nasema amani bora ni ya kutaja yote. Tamasha la Muziki la Kenya, ambalo mizizi yake inarudi mwaka 1927, limewafanya watoto wengi wa nchi hii waimbe nyimbo za makabila ambayo si yao, wakitamka maneno ya lugha wasiyoijua nyumbani. Mtoto wa Soy anayeweza kuimba wimbo wa Kidigo jukwaani anaweza pia kusema chivoti. Litungu halimwondolei Mnandi kibugandet chake. Mkwaju wa Malawi na Zimbabwe unatosha kuwa mfano: ala mbili, majina mawili, heshima moja.

Na ile filimbi ya alumini? Siku itakapofika mikononi mwa vijana wetu, na itafika, maana wanaitazama kwenye simu tayari, sitakuwa na haraka ya kuichagulia jina. Filimbi nene inatosha kwa kuanzia. Fundi wa ng'ambo ataandika lake kwenye bomba, na hilo ni haki yake, kafanya kazi. Kisha mtu ataipiga kwenye harusi huko Moi's Bridge au Turbo, mama mmoja kwenye umati atageuka aulize, "Hii kitu inaitwaje?" na kijana, akiwa hajui, atajibu lolote. Sisibo ilitokea hivyohivyo. Ninachoomba ni kimoja: aliyekaa karibu yake na chivoti au muturiru aulizwe swali lilelile, na ajibu kwa jina.